Meza za Shaba na Resini: Tumtazame Fundi Kabla ya Mlaji

Miongoni mwa samani zinazopendwa siku hizi ni meza ambayo uso wake ni bamba la shaba lililofunikwa kwa tabaka angavu la resini. Mafundi wengine hupanga sarafu za zamani au njumu za shaba juu ya ubao, kisha huzimwagia kimiminika hicho, nacho hukauka na kuwa kigumu na chenye kung'aa kama kioo. Swali la mnunuzi mara nyingi ni moja tu: je, shaba hiyo haina sumu? Swali si baya, lakini kwa maoni yetu limeelekezwa mahali pasipo na hatari kubwa. Hatari kubwa imo katika resini yenyewe kabla haijakomaa, na anayekutana nayo kwanza ni fundi.

Tuanze na sababu ya kupendwa kwake. Shaba nyekundu ikikaa hewani hupoteza mng'ao wake na kuwa ya kahawia. Penye unyevu na chumvi, kama ilivyo katika mwambao wetu, hufanya kutu ya kijani. Wenye milango na makasha ya njumu huko Unguja na Lamu wanaijua kazi hiyo ya kusugua shaba kwa ndimu au ukwaju. Asidi iliyomo katika matunda hayo huyeyusha kutu, na mng'ao hurejea, lakini baada ya muda kazi huanza upya. Tabaka la resini huzuia oksijeni na unyevu visiifikie shaba. Basi mwenye meza hupata mng'ao wa siku ya kwanza pasipo taabu ya kila wiki.

Ndimu hiyo hiyo yatufundisha jambo la pili. Asidi iyeyushayo kutu huweza pia kuyeyusha shaba kidogo kidogo na kuitia katika chakula. Ndiyo maana sufuria za shaba hutiwa bati kwa ndani. Shaba njano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, mara nyingine huwa na risasi kiasi cha asilimia 2 au 3, iliyotiwa ili kurahisisha uchongaji. Lakini maadamu resini imeziba vema, chakula hakigusani na metali hizo. Kwa upande huu mnunuzi anaweza kutulia.

Hata hivyo, asidanganywe na sifa isiyokuwapo. Ni kweli kwamba shaba huua bakteria wanaotua juu yake. Mwaka 2008 Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani liliandikisha aina kadhaa za shaba kwa sifa hiyo. Lakini shaba iliyofunikwa haimgusi bakteria. Anayeuza meza ya namna hii kwa kudai kwamba inajisafisha yenyewe anauza sifa ambayo resini imekwisha kuifunika.

Sasa tuitazame resini. Inayotumika zaidi huitwa epoksi. Miongoni mwa waliofungua njia yake ni mkemia wa Uswisi, Pierre Castan, katika miaka ya 1930. Huuzwa katika vyombo viwili: kimoja cha resini, kingine cha kigumishi. Vikichanganywa, molekuli za vyote viwili hushikana na kufanya wavu mmoja mkubwa, na joto hutoka. Hapa pana kosa ambalo wanafunzi wapaswa kulielewa. Kigumishi cha epoksi si kichocheo. Ni sehemu ya wavu wenyewe. Fundi akikizidisha kwa tamaa ya kuharakisha kazi, hakuna kinachoharakishwa ipasavyo: molekuli za ziada hukosa za kushikana nazo, zikabaki huru ndani ya meza, na uso wake huwa laini au wenye kunata. Vivyo hivyo akikipunguza ili kubana gharama. Meza inayonata si ya kulia chakula.

Kabla ya kushikana, kemikali hizo ni kali. Kigumishi huweza kuunguza ngozi na kudhuru macho. Resini mbichi huweza kuleta mzio: mikono huwasha, hutoka vipele na kupasuka. Mzio huo ukimwingia mtu, kwa kawaida haumtoki tena maishani. Hata mguso mdogo baadaye huuamsha, na kuna waliolazimika kuacha kazi yao. Vumbi la kupiga msasa uso ambao haujakomaa lina madhara hayo hayo. Hapo ndipo lilipo jambo zito. Kijana anayechanganya resini kwa mikono mitupu katika kibanda kisichopitisha hewa huhatarisha riziki yake, huku mnunuzi akihofia shaba ambayo haitamgusa kamwe.

Hata meza iliyokomaa ina mipaka yake. Epoksi nyingi zinazokomaa katika joto la kawaida huanza kulainika kati ya nyuzi 50 na 70 za Selsiasi, na maji huchemka kwa 100. Sufuria iliyotoka jikoni basi haifai kuwekwa juu yake bila kibao. Tena, joto likipanda, resini hutanuka zaidi ya mara tatu kuliko shaba. Katika meza ya urefu wa mita 1, nyuzi 20 zikiongezeka, shaba hurefuka kwa milimita 0.34, ilhali resini hutaka kurefuka kwa zaidi ya milimita 1. Mvutano huo ukirudiwa kila siku huweza kuibandua kingoni. Rangi ya kijani ikionekana chini ya resini, ni dalili kwamba unyevu umeingia, na meza hiyo isiandaliwe chakula mpaka itengenezwe.

Wako watakaosema kwamba vitu hivi vipigwe marufuku. Hatuafikiani nao, kwa kuwa kazi hii ni halali na ina uzuri wake. Tunalotaka ni kwamba kila chombo cha resini kiuzwe pamoja na maelezo ya Kiswahili fasaha kuhusu vipimo, glavu, hewa na muda wa kukomaa. Na mnunuzi, badala ya kuuliza juu ya shaba peke yake, aulize ilipimwaje resini na imekomaa kwa siku ngapi.

Walimu nao wana sehemu yao. Chukueni vipande viwili vya shaba vilivyosuguliwa, kimoja kipakeni vanishi angavu, kisha mkikwaruze mahali pamoja kwa msumari. Vidondosheeni maji ya ndimu yaliyotiwa chumvi na mviache siku chache. Mwanafunzi atakayeiona kutu ikianzia penye mkwaruzo atakuwa amejifunza kanuni nzima ya kuhifadhi metali, wala hatahitaji kushika resini mbichi hata tone moja.