Maua ya tairi na tope la Pongwe
Na Zawadi Shekiondo

Masika yakianza, Pongwe, hapa Tanga, huonyesha sura mbili kwa wakati mmoja. Barabara kuu ya kwenda Segera inang'aa lami iliyolowa, na hatua chache pembeni yake vumbi jeupe la chokaa limeshageuka tope linalonata. Bodaboda mwenye abiria mgongoni huzipita zote mbili ndani ya dakika moja, akishikiliwa na sehemu ya mpira isiyofika hata upana wa kiganja.

Ndiyo maana namna tairi linavyochaguliwa inatia wasiwasi. Dukani tairi hununuliwa kwa macho. Vijana wengi hutaka maua ya kashata (vipande vya mpira vinavyojitokeza) kubwa, zilizoachana, kwa sababu pikipiki huonekana imesimama kibabe. Kwenye tope hawajakosea: nafasi pana kati ya kashata hutema udongo. Kwenye lami yenye maji hali hubadilika, kwa kuwa mpira unaogusa chini hupungua na kashata ndefu hujipinda dereva akikata kona au akishika breki.

Ukichuchumaa karibu na pikipiki iliyoegeshwa kijiweni, utaona kuwa maua hayo yana kazi. Tairi la mbele mara nyingi lina mifereji inayozunguka gurudumu lote, ili lifuate usukani. La nyuma lina kashata za kusukuma. Ubavuni kuna mshale wa upande wa kuzungukia, ambao fundi mwenye haraka huuruka. Ndani ya mfereji mna vinundu vidogo. Kashata ikichakaa hadi kulingana navyo, tairi limekwisha. Na zile tarakimu 4 za mwisho kwenye msimbo wa DOT hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo.

Maua haya yana wenyewe. Marekani hutoa hataza ya umbo, inayolinda mwonekano wa kitu peke yake, maua ya tairi yakiwemo, na kwa maombi yaliyowasilishwa tangu Mei 2015 ulinzi huo hudumu miaka 15. Kwetu Afrika, Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, chini ya ARIPO, Shirika la Miliki Ubunifu la Kanda ya Afrika, inaruhusu kusajili maumbo ya viwandani katika nchi wanachama, Tanzania ikiwemo. Msajili hushughulika na sura. Kama itashika kwenye chokaa iliyolowa si swali lake. Hilo limebaki kwa dereva na abiria wake.

Hatari kubwa zaidi ni kuchonga kipara. Tairi lililoisha huchimbwa mifereji mipya kwa kisu, likapendeza tena machoni. Kilichoongezeka ni mchoro tu. Mpira uliofunika nyuzi umezidi kuwa mwembamba. Tairi la pikipiki halina unene wa kuvumilia hivyo, na likipasuka mwendo ukiwa mkali hakuna gurudumu lingine la kuegemea. Kazi hiyo ikomeshwe. Askari anayekagua leseni na kofia ngumu ainame pia atazame tairi.

Mkoa wa Tanga hauko mbali na mpira kama wengi wanavyodhani. Kihuhwi, wilayani Muheza, kuna shamba la mpira la Shirika la Maendeleo la Taifa, mpira uliokusudiwa kulisha kiwanda cha General Tyre cha Arusha kabla hakijasimama. Leo matairi ya bodaboda zetu huja yakiwa yameshachorwa kwa barabara za watu wengine. VETA Tanga wangeweza kuanza na jambo dogo: wanafunzi wa ufundi wa magari wapime jinsi kashata zinavyolika kwenye pikipiki za Pongwe, masika na kiangazi, kisha wachore umbo linalofaa lami na chokaa kwa pamoja. Mchoro huo ungesajiliwa ARIPO kwa jina la Mtanzania, na kiwanda chochote kitakachoutaka kingemlipa.