Namba ndogo kwenye dashibodi

Huku Afrika Kusini bei ya petroli hubadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, nami huanza kuhesabu upya: mafuta ya kwenda zamuni, au ada ya mdogo wangu Morogoro?

Siku hizi nasoma skrini ya gari, ile inayoonyesha papo hapo lita kwa kilomita 100. Nikikanyaga kwa pupa kuingia barabara ya M1, inaruka hadi 20. Nikiona roboti nyekundu mbele (Johannesburg ndiyo taa za barabarani) nikaachia pedali mapema gari likiwa kwenye gia, inashuka hadi 0.0, maana injini haipewi mafuta. Kuweka nyutro, kama madereva wetu wapendavyo, hakusaidii hivyo. Injini bado hunywa ili isizime.

Ni kama mashine ya mapigo wodini: usikurupukie namba moja, tazama mwelekeo. Wastani wangu ulikuwa 8.4, sasa 7.2. Kwa kilomita 1,000 za mwezi, lita 12 zimebaki mfukoni. Nikitoka zamu ya usiku siitazami kabisa. Macho yenyewe yanafumba.