Zimwi Ulijualo

Watoto wetu huku Uingereza wanacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza mashujaa uliotolewa mwaka 1974. Humo mna zimwi liitwalo troll. Vidonda vyake hujifunga vyenyewe, isipokuwa likichomwa kwa moto au tindikali. Kila mchezaji mzoefu analijua hilo. Lakini mtoto akishika kijinga cha moto, kiongozi wa mchezo humkemea: wewe unajua, shujaa wako hajui; huo ni udanganyifu!

Hatukubali. Shujaa huyo amezaliwa katika nchi yenye mazimwi. Je, hakuwa na bibi? Popobawa alipovuma Unguja na Pemba mwaka 1995, nani alingoja kitabu? Watu walilala nje makundi kwa makundi, wamekoka moto. Mengi yaliyosemwa yalikuwa porojo, lakini hakuna aliyekuwa hajasikia kitu.

Sisi wahandisi tunaijua tofauti. Fundi wa Lamu hana jedwali la nguvu za mbao, ila anajua boriti ya mkoko hailiwi na mchwa kirahisi. Basi shujaa naye asizijue tarakimu za kitabuni, lakini ayajue masimulizi ya kijijini, ya kweli na ya uongo. Kumnyima hayo ni kusema asiyesoma kitabu hajui lolote. Sisi tumeambiwa hivyo miaka mingi. Wanetu wasiambiwe tena, hata mchezoni.

Wazee walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Na ulijualo wewe, je?