Mpapai Dume: Nani Alaumiwe?

Ndugu msomaji, mwaka jana jirani yangu alikuja kuniazima shoka. Alikuwa na mpapai kando ya jiko lake, ameumwagilia maji kwa muda wa miezi minane, nao ukarefuka hata ukalipita paa. Lakini ulipochanua ulitoa mashada marefu ya maua yaning'iniayo, yakapukutika yote, lisibaki hata tunda moja. "Mti huu umelogwa," alisema. Mkewe, aliyekuwa akichagua mchele barazani, alijibu kwa upole: "Haukulogwa. Ni dume."

Mama huyo alisema kweli. Mpapai, kama ulivyo mtende, aghalabu umegawanyika. Uko mpapai dume, wenye vikonyo virefu na maua mengi membamba. Uko jike, ambao ua lake ni kubwa, limekaa karibu na shina na limevimba chini. Na uko wa tatu, wenye ua lililochanganya jinsia zote mbili. Papai la jike kwa kawaida ni la mviringo. La huo mchanganyiko ni refu.

Wako watu wapigiliao dume msumari, na wako waufungao jiwe, ati uone haya uzae. Ni kweli kwamba mara chache, hali ya hewa ibadilikapo, dume hutoa matunda machache kwenye vile vikonyo virefu, na msumari ukapewa sifa usiyostahili. Jinsia ya mpapai huamuliwa ndani ya mbegu, kabla haijagusa udongo.

Basi hekima ni kujipanga mapema. Chagua papai refu, tamu, lililoivia mtini, hasa kutoka shamba lisilo na dume karibu. Mbegu zake hazitazamiwi kutoa dume hata moja: katika kila miche mitatu, kwa wastani miwili itakuwa ya mchanganyiko na mmoja jike, na yote huzaa. Mbegu za papai la jike lililopata chavua ya dume hugawanyika nusu kwa nusu.

Zifikiche mbegu kwa maji mpaka ule utando wenye utelezi utoke, kwani huchelewesha kuota. Kisha zianike kivulini. Zipande barazani katika makopo yaliyotobolewa chini, kina kisizidi sentimita 1. Zitaota baada ya wiki mbili au tatu. Miche ifikapo kimo cha shubiri moja, ihamishie kwenye mashimo yaliyotiwa samadi iliyooza, umbali wa mita 3 baina ya shimo na shimo, mahali pasipotuama maji, maana mizizi ya mpapai huoza upesi.

Kama huijui asili ya mbegu zako, panda miche mitatu katika kila shimo. Subiri ichanue, kisha bakiza jike mmoja na ung'oe mingine. Kwa mbegu za nusu kwa nusu, ni shimo moja tu katika manane, kwa wastani, litakaloangukia madume matupu. Usiyamalize madume yote: bakiza mmoja kwa kila majike kumi hivi, isipokuwa kama jirani anao wake.

Sasa, ndugu msomaji, niruhusu niseme lililo gumu zaidi. Jirani yangu ana mabinti wanne, na mtaani si siri kwamba mara mbili ametishia kuoa mke mwingine "atakayemzalia mwana wa kiume". Siku ile tulikaa chini ya mpapai wake nikamweleza yale ambayo wataalamu wamekwisha kuyathibitisha. Mpapai jike hutoa chembe ya urithi ya jinsia ya aina moja tu. Dume ndiye mwenye aina mbili. Chavua yake ndiyo iamuayo mbegu iwe jike au dume. Na binadamu ni vivyo hivyo: mama hutoa aina moja daima, baba hutoa ama hii ama ile, wala hana uwezo wa kuchagua. Kwa hiyo mama asilaumiwe kwa jambo lisilotoka kwake; na baba naye hana kosa, maana hakuna kosa lililotendeka.

Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha alicheka kidogo, akasema, "Kumbe bustanini twatafuta majike, na nyumbani twayanung'unikia."

Dume aliukata. Mahali pake amepanda miche mitatu, na jioni mabinti zake huimwagilia maji kwa zamu. Shoka amelirudisha. Lile tishio la kuoa, mkewe aniambia, hajalisikia tena tangu mvua za masika.