Tupimieni maji kabla ya kutuletea vifaranga

Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Novemba, nilishuka bwawani na tochi nikawakuta samaki wangu wote wamekuja juu. Midomo wazi, wanameza hewa, maji yanatoa mlio mdogo kama wa mvua inayoanza. Nilidhani wana njaa. Nikawatupia chakula, na hakuna hata mmoja aliyekigusa. Kufikia saa tatu perege zaidi ya 400 walikuwa wanaelea, matumbo juu. Jirani yangu, mzee ninayemheshimu sana hapa Laare, Meru, alisimama ukingoni akatikisa kichwa: “Mwalimu, umetiliwa sumu.”

Siku hiyo hakuna aliyekuwa amenitilia sumu. Mawingu yalikuwa yametanda juu ya milima ya Nyambene siku tatu mfululizo, nami nilikuwa nimemwaga ndoo za samadi ya ng'ombe nikiamini kadiri maji yanavyokuwa kijani ndivyo samaki wanavyoshiba. Ule ukijani ni mwani. Mchana, jua likiwaka, mwani hutoa oksijeni. Usiku nao huivuta, pamoja na samaki, pamoja na vijidudu vinavyoozesha samadi na mabaki ya chakula. Ndiyo maana hewa majini huwa haba zaidi kabla tu ya kupambazuka. Kambare wachache niliokuwa nao walinusurika kwa sababu wana kiungo cha kuvutia hewa ya juu. Perege hana.

Afisa wa uvuvi aliyenitembelea wiki iliyofuata hakuja na mashine yoyote. Alikunja shati hadi begani, akazamisha mkono taratibu, kiganja kimekunjuliwa. Kiganja kikapotea machoni maji yakiwa hayajafika hata nusu ya kigasha. “Kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, acha samadi, punguza chakula,” akaniambia. Somo la dakika moja. Bwawa langu lilichimbwa mwaka 2010, na miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa amenionyesha.

Hilo ndilo linaloniuma. Mpango wa serikali wa kuchochea uchumi, ulioanza mwaka 2009, ulilenga mabwawa 200 katika kila moja ya maeneobunge 140, kila bwawa mita 300 za mraba na vifaranga 1,000. Kiwanda kikajengwa Kanyakine, Imenti Kusini, cha kusindika samaki hao. Kuanzia 2018 ukaja mpango mwingine uliofadhiliwa na IFAD, mfuko wa kimataifa wa maendeleo ya kilimo, na Meru ni mojawapo ya kaunti zake. Nashukuru, kwa moyo wote. Lakini tunacholetewa aghalabu ni kile kinachopigwa picha: karatasi ya kutandika bwawani, vifaranga, gunia la chakula. Maji yenyewe, ambamo samaki anakula, anapumua na kunya, tunaachiwa tukisie.

Na ushauri tunaousoma ni kwamba maji yakichafuka, badilisha theluthi moja. Laare! Bwawa la mita 300 za mraba lenye kina cha mita moja lina lita 300,000. Theluthi yake ni mitungi 5,000 ya lita 20, katika mji ambapo mama hupanga foleni kutwa kwa mitungi miwili. Kwetu maji yakishaharibika yameharibika. Lazima yalindwe kabla: chokaa kwenye udongo wetu mwekundu wenye asidi kabla bwawa halijajazwa, samaki wasizidi watatu kwa kila mita ya mraba, na chakula kisimame siku ambazo jua halijatoka. Maji machache ninayothubutu kuyatoa huyaelekeza kwenye nduma na sukuma wiki, nazo hustawi kweli kwa mbolea hiyo.

Basi ombi langu kwa kaunti ni hili. Kila wadi ipewe kisanduku cha kupimia oksijeni, asidi na amonia, na afisa mwenye pikipiki na mafuta ya kuizungusha. Mkulima asipewe kifaranga hata kimoja kabla maji yake hayajapimwa na majibu hayajaandikwa kwenye daftari analobaki nalo mwenyewe. Hiyo ni gharama, lakini vifaranga wanaokufa nao ni gharama.

Lakini mzee hakukosea kabisa kutaja sumu. Hapa tunaishi kwa miraa, na miraa hupigwa dawa. Dawa za wadudu za jamii ya pairethroidi huua samaki hata zikiwa kidogo mno majini, na nimewaona vijana wakisuuza pampu za mgongoni kwenye mfereji uleule unaoingia mabwawani. Mvua ya kwanza baada ya kupiga dawa nayo huteremsha kila kitu kutoka mashamba ya juu. Simlaumu mkulima wa miraa, kwa maana nami watoto wangu wamesoma kwa miraa. Ila hatukuwa tumewahi kuketi tukazungumza.

Mimi na mzee tumezungumza. Vijana wake sasa husuuza pampu katikati ya shamba, mbali na mfereji. Jioni ya kuamkia siku ya dawa mzee humtuma mjukuu wake, naye husimama langoni na kusema, “Shikamoo, Mwalimu. Babu amesema ni kesho.” Nami hushuka na magunia mawili ya udongo, nikaziba mlango wa maji.