Pasi ikipotea, usikimbilie kumzomea kijana

Simu ikilia saa tisa za usiku, msomaji wangu, moyo hukimbia kabla ya mkono kuifikia. Kwetu sisi wa umri huu, simu ya saa hizo huwa ni ya msiba, ajali au hospitali. Basi usiku mmoja wa Oktoba mwaka wa 2023 yangu ililia, nami nikaishika huku nikisema bismillahi ya kila dini ninayoijua.

Alikuwa mpwa wangu, kitindamimba wa dada yangu, aliyekwenda kusoma katika jimbo la Iowa kule Marekani. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia.

"Mjomba, samahani kwa kukuamsha."

"Kuna nini? Umeugua?"

"La, mjomba. Tumeshindwa."

"Mmeshindwa na nani?"

"Minnesota. Na nguruwe wamemchukua."

Nilikaa kitandani nikajiuliza kama mtoto wa watu ameanza kuvuta mambo yasiyovutwa. Ilinichukua nusu saa kuelewa kwamba alikuwa akizungumzia kandanda ya Kimarekani, ile inayochezwa na majitu yaliyovaa helmeti. Naye nguruwe ni sanamu ya shaba ambayo vyuo vikuu vya Iowa na Minnesota vimekuwa vikiishindania tangu mwaka wa 1935. Anayeshinda huenda naye nyumbani.

Nilitaka kumgombeza. Lakini kadiri alivyoeleza, ndivyo nilivyoona kwamba kisa chake kinatuhusu sisi wazazi zaidi ya kinavyowahusu wapenzi wa michezo. Ndiyo maana nimekihifadhi, na leo nakuletea.

Kwanza nikufahamishe mchezo wenyewe kwa ufupi. Unakaribiana na raga kuliko soka. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10, yaani kama mita tisa. Ikifaulu, hupewa nafasi nyingine nne. Ikishindwa, mpira huenda kwa adui. Kuna njia mbili za kusonga: kukimbia na mpira kifuani, au kuurusha mbele kwa mwenzako. Anayeurusha huitwa kwotabeki, na yeye ndiye macho yote humwangalia.

Kurusha pasi hiyo si jambo la mtu mmoja, ingawa kwa mtazamaji linaonekana hivyo. Mbele ya kwotabeki husimama vijana watano wanene, kazi yao kuwazuia adui kwa sekunde mbili tatu tu. Wadakaji nao hukimbia njia walizochorewa, kona kwa kona, hatua kwa hatua. Mpira mara nyingi hurushwa kabla mdakaji hajageuka. Kizuizi kimoja kikivunjika, mdakaji mmoja akichelewa, au mchoro wenyewe ukiwa umezoeleka na adui, pasi huanguka chini. Na ikianguka, watu 69,000 huona mkono wa mtu mmoja tu.

Hiyo ndiyo idadi ambayo uwanja wa Kinnick wa Iowa hubeba, 69,000 na ushei. Na tangu mwaka wa 2022 mashabiki wa pale walikuwa wameteseka. Mwaka huo walianza msimu kwa kuwashinda South Dakota State alama 7 kwa 3. Ukisikia saba utadhani walifunga kama watu. Hata! Walipata mkwaju mmoja wa alama tatu, na nne zilizobaki zililetwa na walinzi waliomkaba adui ndani ya eneo lake mwenyewe. Ni kama timu ya soka ishinde kwa sababu mabeki wamemlazimisha adui kujifunga mara mbili, huku washambuliaji wake wakipiga miayo.

Mwenye kuchora mashambulizi hayo alikuwa kocha Brian Ferentz. Na kocha mkuu, aliyeshika usukani tangu msimu wa 1999, ni Kirk Ferentz. Naam, umesoma vizuri. Ni baba na mwana.

Hapo ndipo ushabiki ulipoingia mambo ya nyumbani. Kwa kanuni za chuo za kuzuia upendeleo wa kindugu, mwana hakuwa chini ya babake kikazi. Bosi wake alikuwa mkurugenzi wa michezo. Hiyo ilikuwa kwenye karatasi. Shabiki aliyelipa tiketi yake aliona baba ambaye hawezi kumwambia mwanawe kwamba kazi imemshinda. Ukitaka kujua uzito wa jambo hilo, mwulize mtu yeyote hapa Nairobi aliyeajiriwa katika duka ambalo meneja ni mwana wa mwenyewe.

Februari mwaka wa 2023 chuo kikatoa mkataba mpya uliowachekesha wengi. Mshahara wa Brian ulipunguzwa kwa dola 50,000 ukawa dola 850,000 kwa mwaka. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 100 za kwetu, kwa hivyo usimwonee huruma upesi. Tena aliwekewa sharti: timu ifunge wastani wa alama 25 kwa mechi na ishinde mechi zisizopungua saba, la sivyo mkataba ufe. Mashabiki wakapiga hesabu, 25 mara mechi 13 ni 325, wakaanza kuhesabu kila Jumamosi kama watoto wanaohesabu siku za kufunga shule.

Mambo yakaenda kombo mapema. Kwotabeki mpya, Cade McNamara, aliyetoka chuo cha Michigan, aliumia goti Septemba 30 na msimu wake ukaishia hapo. Luke Lachey, mmoja wa wadakaji waliotegemewa, alikuwa ameumia wiki mbili kabla. Erick All, aliyeziba pengo hilo, akaumia Oktoba 14. Akabaki Deacon Hill, kijana aliyekuja kama wa akiba, akitupwa kwenye maji marefu bila wa kumshika mkono.

Siku hiyo ya Oktoba 14 waliwashinda Wisconsin 15 kwa 6. Hill alirusha pasi 14, zikafika sita, jumla yadi 37. Huo ni umbali usiofika nusu ya uwanja, mechi nzima! Kesho yake, katika uwanja wao wa Kinnick, watu 55,646 walijazana kutazama timu ya mpira wa kikapu ya wanawake wa chuo hichohicho, na Caitlin Clark akafunga alama 34 peke yake. Timu nzima ya wanaume wenye helmeti ilikuwa haijafikisha alama 34 katika mechi tatu zilizotangulia hiyo ya Wisconsin isipokuwa ukizijumlisha. Mpwa wangu alikuwepo. Aliniambia alicheka mpaka akasikia uchungu.

Shujaa wa timu ya wanaume msimu huo akawa Tory Taylor, kijana wa Australia ambaye kazi yake ni kuupiga mpira mbali wakati wenzake wameshindwa kusonga. Kwa kuwa walishindwa kila mara, alipata kazi nyingi. Jumla ya mikwaju yake ilifika yadi 4,479, akavunja rekodi ya vyuo iliyodumu tangu 1938. Fikiria timu ambayo nyota wake ni yule wa kuurudisha mpira kwa adui!

Ajabu ni kwamba walikuwa wakishinda. Msimu huo walishinda mechi 10, kwa ulinzi tu. Ndipo wazee wa Iowa wakawauliza vijana: mnalalamikia nini, na ushindi mnao? Nami nilimwuliza mpwa wangu hivyohivyo. Akanijibu, "Mjomba, ni kama kula ugali mkavu kila siku. Shibe ipo. Lakini sufuria ya mboga unaiona pale jikoni, na kila siku wanaiunguza."

Sikuwa na jibu. Shabiki ana haki ya kutaka zaidi ya matokeo. Anataka kuona kazi inafanywa vizuri, na anataka kuamini kwamba anayeifanya vibaya ataulizwa.

Basi turudi kwenye usiku wa simu. Oktoba 21, Iowa nyuma kwa alama 10 dhidi ya 12, dakika zikiyoyoma, Cooper DeJean akaunyaka mkwaju wa Minnesota akakimbia nao mpaka mwisho. Uwanja ukalipuka. Kisha waamuzi wakaifuta: walisema alikuwa amepunga mkono, na kwa sheria zao ishara ile humzuia mtu kuendelea na mpira. Iowa wakapata nafasi moja zaidi ya kujiokoa. Ilihitaji pasi. Hill akarusha, na adui akaidaka. Nguruwe akaenda Minnesota.

"Mjomba," mpwa wangu akasema kwa sauti ya chini, "na mimi nilimzomea. Kwa nguvu zangu zote."

Nikanyamaza. Akaendelea.

Kumbe katika uwanja ule kuna desturi iliyoanza mwaka wa 2017. Kando ya uwanja ipo hospitali ya watoto, na kutoka orofa ya juu wagonjwa wadogo hutazama mechi wakiwa na wazazi wao. Robo ya kwanza ikiisha, watu wote uwanjani, wenyeji na wageni, wachezaji na waamuzi, hugeuka na kuwapungia mikono watoto wale. Mpwa wangu husema ndilo jambo zuri kuliko yote aliyoyaona Marekani.

"Tulipunga mikono robo ya kwanza," akasema. "Robo ya nne tukawa tunamzomea mtoto wa mtu. Ni watu walewale, mjomba. Nimefika chumbani nikakumbuka hisabati yangu."

Hisabati hiyo naikumbuka. Alipokuwa kidato cha pili alileta nyumbani alama ya D, naye miaka yote alikuwa wa kwanza wa pili. Mimi, mjomba mwenye mdomo, nilitaka achapwe. Dada yangu alinikatiza. Akamketisha kijana mezani, akamwuliza polepole: Nani anawafundisha? Mnafundishwa siku gani? Ikabainika kwamba mwalimu wa hisabati alikuwa ameondoka, na darasa lile lilikaa mihula miwili bila mwalimu. Dada akavaa kitenge chake kizuri akaenda shuleni kumwona mwalimu mkuu. Kelele alizopiga huko sikwambii. Lakini alizipiga mahali pake.

Huo ndio moyo wa maneno yangu ya leo, msomaji. Hasira ya shabiki wa Iowa ilikuwa ya haki. Ubaya wake ni kwamba ilimwangukia aliyekuwa karibu, kijana aliyesimama peke yake katikati ya uwanja. Mchoro haukuwa wake. Majeruhi hakuwapanga yeye. Mkataba wa dola 850,000 haukuwa na jina lake.

Na ushahidi upo. Oktoba 30, siku tisa baada ya mechi ile, mkurugenzi wa michezo wa muda, Beth Goetz, alitangaza kwamba Brian Ferentz hataendelea msimu ukiisha. Msimu uliisha vibaya: walilazwa 26 kwa 0 na Michigan, kisha 35 kwa 0 na Tennessee siku ya mwaka mpya wa 2024. Wastani wao ulikuwa alama 15.4. Katika timu 133 za daraja la juu la vyuo, Iowa ilikuwa ya mwisho kabisa kwa yadi ilizosonga. Hill naye akaondoka mwaka huo wa 2024.

Basi mwalimu mpya, Tim Lester, akaja. McNamara akapona, akarudi. Msimu wa 2024 alama zilipanda zikapita wastani wa 25 ule uliomshinda Brian. Lakini ziliongezeka kwa miguu ya Kaleb Johnson, mkimbiaji wao hodari. Pasi? Iowa walibaki miongoni mwa wa mwisho mwisho nchini. Kijana aliyezomewa hayupo, kocha aliyelaumiwa hayupo, na pasi bado zikawa hazifiki. Ugonjwa ulikuwa umeingia ndani zaidi ya mkono wa mtu mmoja.

Sasa jiangalie, mzazi. Jumamosi unaposimama kando ya uwanja wa shule, mwanao akakosa bao, sauti inayosikika kuliko zote ni ya nani? Ripoti ya muhula ikija na somo moja lililoanguka, unauliza nani kwanza? Mtoto anajua amekosea. Ameiona pasi ikidakwa kabla yako. Asichokijua ni kama nyumbani kuna mtu atakayemwuliza ilikuwaje, kabla ya kumwambia yeye ni nani.

Nanyi vijana wa vyuo mnaojaza viwanja vyetu wikendi, dai haki yenu. Andikeni barua, waulizeni viongozi wa timu, susieni tiketi mkitaka. Mpelekeeni lawama yule anayelipwa kuibeba. Lakini mwanafunzi mwenzenu aliyeangusha mpira mpigieni makofi anaporudi kuketi, maana Jumatatu mtakuwa naye katika foleni ya chakula.

Mpwa wangu aliendelea kwenda Kinnick msimu wote, katika baridi usiyoijua wewe wala mimi. Kuhusu kuzomea, aliniambia alikoma. Kuhusu kunipigia simu saa tisa za usiku, hilo bado tunalizungumza.

Jumapili njema, na tukutane wiki ijayo, Mungu akitujalia.