Kudumu Si Kushinda: Connie Mack na Mizani ya Sifa

Mashabiki wa besiboli nchini Marekani wana ugomvi mmoja usiokwisha, nao unamhusu mtu aliyefariki mwaka 1956. Mtu huyo ni Connie Mack, aliyeiongoza timu ya Athletics ya Philadelphia kwa misimu 50 mfululizo, tangu 1901 hadi 1950. Upande mmoja humwita meneja mkubwa kuliko wote waliopata kuushika mchezo huo, na hoja yao ni tarakimu moja: ushindi 3,731, ambao hajatokea wa kuufikia. Upande wa pili huitazama tarakimu inayoandamana na hiyo, yaani vipigo 3,948, na kuuliza: aliyeshindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda aliupataje ukubwa? Kila upande umeshika mizani, lakini mizani zote mbili ni mbovu.

Itafaa kwanza msomaji asiyeuzoea mchezo huu aelezwe kazi yenyewe. Meneja wa besiboli ndiye kocha. Ndiye anayepanga nani apige na kwa zamu ipi, ndiye anayeamua mrushaji aliyechoka atolewe lini, na ndiye anayebebeshwa lawama mambo yakienda mrama. Kazi hiyo haina dhamana. Misimu miwili mitatu mibaya humtosha mwenye klabu kumwonyesha meneja mlango, hata kama jana yake alishangiliwa. Kwa hiyo meneja anapodumu, jambo la kuuliza kabla ya lolote ni hili: ni nani aliyekuwa na uwezo wa kumwondoa?

Kwa Mack, jibu ni fupi. Hakuwapo. Tangu klabu ilipoanza alikuwa na sehemu yake katika umiliki. Kabla ya 1914 alikwisha kuwa mwenye nusu ya hisa, sawa na familia ya Shibe, na mwaka 1937 akawa rais wa klabu. Mwajiri na mwajiriwa walikuwa mtu mmoja, wakila sahani moja. Wanaoitaja miaka 50 kama ushahidi wa umahiri wanasahau mfano ulio katika maisha yake yeye mwenyewe: alipokuwa meneja wa kuajiriwa huko Pittsburgh, kuanzia 1894 hadi 1896, alishinda mechi nyingi kuliko alizopoteza, na bado akaachishwa kazi. Chini ya mwajiri alidumu misimu isiyotimia mitatu. Alipokuwa mwajiri wa nafsi yake alidumu nusu karne.

Hebu na alinganishwe na Tony La Russa, anayemfuata katika orodha ya ushindi. La Russa aliongoza kwa misimu 35, na mwaka 1986 alifukuzwa na klabu ya Chicago kabla ya kwenda kutukuka Oakland na St. Louis. Alipostaafu 2022 hakuwa amefikia ushindi 3,000. Je, Mack alimzidi kwa ustadi? Alimzidi kwa misimu. Rekodi ya 3,731 ni rekodi ya muda, na anayeiita rekodi ya ubora ni sawa na msomaji anayeipima diwani kwa uzito wa karatasi zake. Katika malumbano ya washairi hapewi taji mwenye beti nyingi, hupewa yule ambaye beti zake zilijibu na hazikujibika.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hapa ndipo upande wa pili wa ugomvi unapokosea, na unakosea vibaya. Wao huchukua ushindi na vipigo vyote, huvigawanya, hupata kwamba Mack alishinda chini ya nusu ya mechi zake, kisha hufunga daftari. Hesabu hiyo ni sahihi na maana yake haipo. Asali na maji ya bahari vikichanganywa katika chombo kimoja, anayeonja hajui tena ladha ya asali wala ya bahari. Mack hakuwa meneja wa kadiri kwa miaka 50. Alikuwa bora kabisa katika baadhi ya miaka, na wa mwisho kabisa katika mingine.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mara mbili Mack aliunda timu iliyotawala besiboli yote. Timu ya kwanza ilitwaa World Series, ambayo ndiyo fainali kuu ya mchezo huo, katika miaka 1910, 1911 na 1913. Mara mbili kati ya hizo iliwashinda Giants wa New York, waliokuwa chini ya John McGraw, meneja aliyeogopwa kuliko wote wa zama zake. Eddie Collins, nguzo ya timu hiyo, alitolewa chuoni Columbia akiwa bado kijana. Timu ya pili ilikuwa na Lefty Grove, Jimmie Foxx, Al Simmons na Mickey Cochrane, nayo ikatwaa taji mwaka 1929 na 1930. Wote wanne, kama alivyo Collins, wamo katika Jumba la Watukufu wa besiboli huko Cooperstown.

Wala hakuwa mkusanyaji wa wachezaji tu. Mwaka 1929, katika mechi ya kwanza ya fainali dhidi ya Cubs wa Chicago, kila mtu alimtarajia Grove au George Earnshaw kuanza kurusha. Mack alimwanzisha Howard Ehmke, mtu mzima wa miaka 35 ambaye msimu ule alikuwa ametumika kwa nadra. Ehmke aliwatoa wapigaji 13 kwa kukosa mpira, idadi ambayo haikuwa imepata kufikiwa katika mechi ya fainali, na Athletics wakashinda 3 kwa 1. Huo ndio umeneja. Mtu mwenye mataji matano na ubingwa wa ligi mara tisa hawezi kuitwa mtu wa bahati, na anayesema hivyo haujui mchezo au haitaki haki.

Lakini timu hizo mbili, aliyeziunda ndiye aliyezivunja. Mwaka 1914 Athletics walishinda mechi 99, wakafika fainali, wakapigwa na Braves wa Boston mechi nne mfululizo. Kabla ya msimu uliofuata Collins alikuwa ameuzwa Chicago kwa dola 50,000, na haukupita muda wenziwe nao wakatawanyika. Mwaka 1915 timu ilishinda mechi 43. Mwaka 1916 ilishinda 36 na kupoteza 117. Ilimaliza mkiani mwa ligi misimu saba mfululizo. Kuanzia 1932 kisa kikajirudia: Simmons akaenda Chicago, Grove na baadaye Foxx wakaenda Boston, Cochrane akaenda Detroit. Kati ya 1935 na 1946, misimu 12, Athletics walikuwa wa nane kati ya timu nane mara tisa.

Watetezi wake huleta udhuru, na udhuru huo si wa uongo. Mwaka 1914 ilizuka Ligi ya Federal iliyowarubuni wachezaji kwa mishahara minono. Baada ya 1929 ulikuja mdororo wa uchumi ulioviacha viwanja vitupu. Sheria ya Pennsylvania ilizuia mechi za Jumapili hadi 1933, siku ambayo kwingineko ilikuwa na mapato makubwa kuliko zote. Yote hayo ni kweli. Lakini msomaji na aifuate hoja hadi mwisho wake. Ikiwa vipigo vya miaka ile vilitokana na mahitaji ya mwenye klabu, na si makosa ya meneja, basi ni mwenye klabu huyo huyo aliyemweka meneja kitini ili azikusanye zile tarakimu za ushindi. Haiwezekani kumtenga Mack mmiliki wakati wa lawama, kisha kumrudisha wakati wa sifa. Anayetaka kumtukuza kwa miaka 50 hana budi kumhesabia miaka yote 50.

Tena udhuru wa umasikini una walakini wake. Wachezaji waliouzwa hawakuwa wamechakaa. Collins alitwaa World Series na Chicago mwaka 1917. Cochrane, akiwa mchezaji na meneja kwa pamoja, aliwapa Detroit ubingwa wa ligi mwaka 1934 na taji lenyewe mwaka 1935. Foxx alipiga mipira 50 nje ya uwanja akiwa na Boston mwaka 1938. Mavuno yalikuwa ya Philadelphia, walioyala ni wengine. Fedha zilizopatikana ziliingia katika sanduku ambalo Mack alikuwa mshirika wake. Aliyelipa gharama ni shabiki wa Philadelphia, aliyeendelea kununua tiketi kuitazama timu isiyo na nguvu, ikiongozwa na mtu asiyeweza kufukuzwa.

Lipo jambo jingine, zito kuliko haya, ambalo pande zote mbili hulipita kimya. Mack husifiwa kwa uungwana: mtu mpole, aliyekaa benchini kwa suti na tai badala ya sare, akiwaelekeza wachezaji kwa kupunga kikaratasi cha matokeo. Uungwana huo ulikuwapo. Lakini kwa muda wote aliokuwa meneja, hakuna mchezaji Mweusi hata mmoja aliyevaa jezi ya Athletics katika ligi. Itasemwa kwamba ubaguzi ule ulikuwa wa ligi zote na si wake peke yake. Hilo ni kweli hadi 1947. Mwaka huo Jackie Robinson aliingia Brooklyn, na Larry Doby akaingia Cleveland, katika ligi ile ile aliyocheza Mack. Tangu hapo mlango ulikuwa wazi kwa aliyetaka kupita. Athletics hawakupita hadi Septemba 1953, alipocheza Bob Trice, miaka mitatu baada ya Mack kuachia benchi.

Na vipaji havikuwa mbali. Jirani kabisa na Philadelphia, katika mji wa Darby, kulikuwa na timu ya Hilldale, iliyotwaa ubingwa wa ligi za watu Weusi mwaka 1925. Baadaye Philadelphia yenyewe ikawa na timu ya Stars. Meneja aliyekaa mkiani mwaka hadi mwaka, akilia kwamba hana fedha za kununua wachezaji, alikuwa na wachezaji mlangoni pake. Kosa hilo lilikuwa dhuluma kwanza, na kwa kipimo cha kazi lilikuwa upofu. Wasifu wowote unaomtaja muungwana bila kulitaja hili haujakamilika.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Katika miaka ya mwisho husimuliwa kwamba mzee huyo aliwaita wachezaji kwa majina ya watu waliokwisha kuondoka miaka mingi nyuma, na wasaidizi wake wakatoa amri zilizo sahihi kwa sauti ya chini. Mwaka 1950, akiwa na umri wa miaka 87, timu yake ilipoteza mechi 102. Ulikuwa mwaka wa sherehe ya miaka 50, na msimu ukaishia mkiani. Wanawe walikopa fedha nyingi ili wabaki na klabu, deni likawaelemea, na ilipofika 1955 Athletics wakawa timu ya Kansas City. Uwanja ulikwisha kubadilishwa jina mwaka 1953 ukaitwa kwa jina la Connie Mack. Mji ulibaki na jina ukutani na timu ukaikosa.

Hayo ndiyo yanayofichwa na neno “kudumu” linapogeuzwa kuwa sifa. Nahodha anayekataa kukiacha chombo chake akiwa na nguvu anastahili heshima, lakini nahodha ambaye hakuna baharia anayeweza kumwambia ashuke ni habari nyingine, na abiria ndio wanaoijua. Mashabiki wanaoinua tarakimu ya 3,731 wanalisifu lile lile lililoiua klabu waliyoipenda. Na wanaoitumia tarakimu ya vipigo kumdunisha wanawasaidia wenzao bila kujua, kwa sababu wanakubali kwamba miaka 50 ni kitu kimoja cha kupimwa kwa mara moja.

Mizani ya haki hupima kila kipindi kwa uzito wake. Connie Mack wa 1910 hadi 1914, na wa 1929 hadi 1931, ana nafasi yake Cooperstown, na waliomchagua mwaka 1937 hawakukosea. Connie Mack wa misimu iliyofuata mwaka huo hakuongeza hata jiwe moja kwenye jengo hilo, na aliondoa mengi katika mji wake. Kitabu chake na kisomwe ukurasa kwa ukurasa. Unene wake usihesabiwe kuwa sifa.